Jin, Ndimu na Tumbo la Mama

Masimba, 1997

Jumanne, 7 Oktoba

Mvua ilianza jana mchana na mpaka sasa haijapumua. Redioni wameipa jina la kigeni, El Nino, kana kwamba ni mgeni wa heshima. Mama anaiita upuuzi.

Naandika kwa Kiswahili makusudi. Mama anasoma Biblia ya Kikisii na hasomi kingine, na haya si mambo ya kusomwa na shemasi wa Kisabato. Miaka kumi na mmoja nimechanganya vinywaji katika hoteli moja ya Mombasa. Mwezi wa nane vurugu zilipotokea Likoni, wageni wakakimbia, hoteli ikafungwa, tukaambiwa tutaitwa. Hakuna aliyeitwa. Sasa nimerudi nyumbani, mwanamke wa miaka thelathini na minne, bila mume, katika shamba ambalo tangu Baba afariki ni la kaka yangu Abner. Abner yuko Nairobi, lakini mke wake Emily yuko hapa, na kila nikinyoosha mkono kuchukua sukari, macho yake yanausindikiza.

Leo nimepata pa kushika. Ronak, mtoto wa Shashikant mwenye duka la mabati na misumari Kisii mjini, anafungua hoteli juu ya duka lao, na ndani yake baa. Nilimkuta kwenye ngazi akigombana na fundi wa rangi.

"Dada, mimi sijui pombe," akaniambia. "Kwetu nyumbani hakuna mtu anakunywa. Lakini biashara najua. Bia kila mtu iko nayo. Wewe niletee kinywaji moja ya hapa hapa Kisii, mtu akunywe aseme, hii napata kwa Ronak peke yake. Tunaonja Jumamosi, tarehe sita Desemba. Ukishindwa, kuna kijana ya Nakuru anangoja."

Akanipa chupa mbili za jin za kufanyia majaribio. Nilizibeba kifuani kama mtoto mchanga.

Jumatano, 8 Oktoba

Mvua. Nimezificha chupa ghalani chini ya magunia ya mahindi. Mama anajua natafuta kazi hotelini kwa Mhindi. Hajauliza ni kazi gani, na mimi si mtu wa kujibu swali ambalo halijaulizwa.

Jumapili, 12 Oktoba

Ninachotaka nakijua. Jin, maji ya ndimu, asali, ute wa yai wa kuleta povu, halafu matone ya uchungu. Uchungu ndio wenye kazi. Bila huo ni juisi ya harusi. Mombasa matone hayo yalitoka ng'ambo katika kichupa kidogo kilichofungwa karatasi, na meneja alikificha kabatini. Hapa lazima nitengeneze mwenyewe, kwa kuloweka vitu vichungu ndani ya jin mpaka vitoe roho.

Nimeanza na shubiri. Mwonjaji wangu ni Bochaberi, jirani wa bondeni, mchuma chai. Yeye ni Mkatoliki, kwa hiyo ulimi wake uko huru. Pia ndiye mwenye mti wa ndimu.

Akaonja, akatema kwenye migomba.

"Mong'ina, hii ni ya kumwachisha mtoto ziwa!"

Na ni kweli. Hivyo ndivyo alivyowaachisha watoto wake wote. Nimemwaga.

Alhamisi, 16 Oktoba

Mvua. Emily kauliza kwa nini kuku wametaga na mayai hayaonekani.

Jumapili, 19 Oktoba

Nimejaribu mnavu, ile mboga yetu, rinagu. Si una uchungu wake mzuri? Bochaberi kaonja, kafikiri, kaonja tena.

"Umepikia mtu mboga, ukasahau ugali."

Nimekasirika naye bure. Kisha nimeonja mwenyewe, nikakasirika na mnavu.

Alhamisi, 23 Oktoba

Leo sokoni nimempata mama mmoja muuza dawa za miti, amekaa chini ya nailoni, mvua inamchuruzikia mgongoni. Nikamwambia nataka kitu kichungu kinachomalizika vizuri mdomoni. Akaniuliza mgonjwa ni nani. Nikasema hakuna mgonjwa. Akanitazama kwa huruma, kana kwamba naficha ugonjwa wa aibu, akanifungia kipande cha mzizi wa manjano. "Hii ni ya tumbo," akasema. "Haijawahi kushindwa."

Hapa kwetu hakuna atakayekubali kwamba mtu anaweza kuutaka uchungu kwa starehe. Kitamu ni chakula, kichungu ni dawa, basi.

Nimeukatakata mzizi, nikaongeza maganda ya machungwa yaliyokaushwa juu ya moto na mchaichai kutoka ukingo wa shamba. Nimevitia katika chupa ya kahawia iliyokuwa ya dawa ya tumbo ya marehemu Baba, nikajaza jin, nikaiweka kwenye rafu ya jikoni. Ghalani kuna unyevu, na chupa hii inataka joto la moto na kutikiswa kila asubuhi. Jiko letu liko nje, si ndani ya nyumba ya Mama. Hilo nimejiambia mara nyingi.

Jumapili, 2 Novemba

Nimefungua, nikanusa. Oo! Machungwa yanatangulia, halafu udongo baada ya mvua, halafu kitu kinachokukunja shingo kidogo. Nimecheka peke yangu jikoni kama mwendawazimu.

Jumatatu, 3 Novemba

Mvua. Mama amekula ugali wote. Kwa kawaida huacha nusu, tumbo linamsumbua tangu mwaka jana.

Alhamisi, 6 Novemba

Siku mbaya, na sehemu yake nimeipenda, na hilo ndilo baya zaidi.

Kinywaji hiki hakitikiswi bila barafu, na Masimba nzima barafu utaipata wapi? Nimekuwa nikitikisa kwa maji baridi ya kisimani, povu linatoka legevu kama la sabuni ya kipande. Leo saa nane mbingu ikawa nyeusi, ikanguruma, na mvua ya mawe ikaja kwa nguvu ambayo sijaiona tangu utoto. Mawe makubwa kama punje za njugu, kisha makubwa kuliko hizo. Mabati yalipiga kelele hata huwezi kuzungumza. Mama alisimama mlangoni akiitazama chai yake ikipigwa, majani yote machanga, yale ambayo angechuma kesho. Mdomo wake ulikuwa unatembea. Alikuwa anaomba.

Nami nilifanya nini? Nilichukua sufuria, nikatoka mbio uani, nikaanza kuzoa mawe.

Nikatikisa jikoni katika kopo la mafuta ya kupikia lenye kifuniko. Povu lilipanda jeupe, zito. Nikadondosha matone yangu juu yake, nikanywa. Tamu inakuja, unaipokea, halafu uchungu unaingia bila kupiga hodi, unakaa. Ndicho hicho. Ndicho nilichokitafuta mwezi mzima, na nilikuwa nimelowa mpaka mifupani.

Nilipotoka Mama alikuwa bado mlangoni.

"Nyumba inalia, na wewe unazoa mawe ya kuchezea," akasema.

Nikachukua kapu twende tukaone kilichobaki. Hakikubaki kitu. Sasa hata kwa Mama mshahara wangu unahitajika, ingawa hatasema.

Jumanne, 11 Novemba

Mvua. Chupa imepungua. Nilipima kwa macho jana.

Ijumaa, 14 Novemba

Imepungua tena! Nimekwenda kwa Bochaberi na hasira yangu yote nikiwa nimeishika mkononi kama fimbo. Kikulacho ki nguoni mwako, nikamwambia. Nani mwingine anajua chupa ile ina nini? Nani huja jikoni kuota moto mimi nikiwa kisimani?

Bochaberi akaweka jembe chini. "Mimi nikitaka kulewa nitakwenda kwa wenye kulewesha. Siibi kijiko kijiko kama panya. Na ndimu zangu usiziguse tena."

Sasa sina mwonjaji, sina ndimu, na chupa imebaki nusu.

Jumatatu, 17 Novemba

Mvua. Mama anaimba akifua.

Sabato, 22 Novemba

Niandike polepole.

Nilimsindikiza Mama kanisani kwa sababu njia inateleza. Wakati wa ushuhuda akasimama. Mama huwa hasimami, huwaachia wenye maneno. Leo alisimama, akafunga kitambaa vizuri, akasema hivi, mbele ya kanisa zima:

"Wapendwa, mnajua tumbo langu. Nimezunguka hospitali mpaka nikachoka. Nyasae, Mungu wetu, ameniletea binti yangu kutoka Mombasa, na binti yangu ameniletea dawa ya miti. Hakuniambia, alijua nitakataa, mimi na ubishi wangu. Aliiweka tu jikoni katika chupa ya baba yake, nikaelewa. Kijiko asubuhi, kijiko jioni, na maji ya moto. Sasa nakula, nalala. Na kwa kuwa tumepewa bure, akina mama wa Dorkasi tumewapelekea wagonjwa."

"Amina!" wakasema.

Wagonjwa! Yule bibi kizee wa karibu na kinu amepewa. Mke wa mwalimu amepewa, yeye na tumbo lake la wasiwasi. Idara nzima ya huruma ya kanisa inatembea na matone yangu kwenye mvua, kutoka mlango hadi mlango, na kuombea kila kijiko. Nilitaka kucheka na nilitaka ardhi ipasuke. Mama hajawahi kunusa jin maishani mwake. Chang'aa angeitambua kutoka ng'ambo ya mto, lakini hii inanukia miti na machungwa, na ni chungu. Angeshuku nini?

Baada ya ibada watu wakanizunguka kunishika mkono. Mzee wa kanisa, Ongeri, akatusindikiza nyumbani, akasema naye tumbo lake halijatulia. Mama akamletea kijiko. Ongeri aliokoka akiwa mtu mzima, na kabla ya hapo, kila mtu anajua, alikuwa mtu wa kuokotwa mtaroni. Akaweka kijiko mdomoni. Akafumba macho.

"Mama Abner," akasema, "niongezee kijiko cha pili."

Akaenda bila kunitazama.

Jumapili, 23 Novemba

Chupa ina vidole viwili tu, na kimoja nimekimimina kando nikakificha ghalani. Nyingine siwezi kutengeneza, mzizi umekwisha na muuza dawa hajaonekana sokoni tangu daraja la kwao lichukuliwe na maji. Nimekwenda kumwomba Bochaberi radhi. Amenisikiliza mpaka mwisho, kisha nilipomweleza ya ushuhuda akacheka mpaka akakaa kwenye tope. Amenipa ndimu kumi na maneno makali, na vyote nimevipokea.

Jumatano, 26 Novemba

Mvua. Sijamwambia. Kila jioni nakaribia kusema, anaanza kuimba.

Jumanne, 2 Desemba

Ongeri amesema! Kijiko cha pili kikiwa bado tumboni mwake, amekwenda kwenye baraza la kanisa na kusema kwamba shemasi Persis, ndiye Mama, anagawa pombe kwa jina la Dorkasi. Emily ameleta habari. Kikao cha washiriki ni Sabato hii, baada ya ibada. Sabato hii, tarehe sita.

Mama alikuwa anachambua maharagwe. Alimtazama Emily, kisha akanitazama mimi.

"Ni uongo," akasema. "Mong'ina, mwambie ni uongo."

Nikamwambia. Nilisema yote kwa pumzi moja, nikaona ni afadhali kama kung'oa jino. Kwamba ni jin. Kwamba mizizi ni ya kweli lakini imelowekwa kwenye jin. Kwamba kazi ya hotelini ni kazi ya baa, na kinywaji hicho ndicho cha kunipa kazi. Kwamba sikujua anakunywa.

Aliinuka akaenda nyuma ya nyumba, nikamsikia akisukutua mdomo, akitema, akisukutua tena, kwa muda mrefu sana. Aliporudi aliendelea na maharagwe.

"Yule bibi wa kinu," akasema tu. "Alinibariki."

Alhamisi, 4 Desemba

Mvua. Ugali Mama anaacha nusu.

Ijumaa, 5 Desemba

Jioni, kabla jua halijazama na Sabato kuingia, Mama alikuwa anapiga pasi nguo yake nyeupe. Nikamwambia kesho nitakwenda naye kanisani, nitasimama niseme ni yangu. Mhindi atampa kazi kijana wa Nakuru na dunia haitaanguka.

"Yaya, hapana," akasema. "Wewe nenda mjini."

"Mama, watakutoa ushemasi."

"Kanisa ni langu, si lako. Uliliacha mwenyewe. Sitaki ulirudie kwa sababu ya chupa."

Akageuza nguo, akapiga pasi upande wa pili. Basi nimeelewa. Ananitaka mbali, hataki hata nikae naye benchi moja. Miaka yote hii nimekuwa aibu yake, na sasa aibu imejaa chupani na kugawanywa kijiko kijiko. Nimelia kidogo, kwa hasira zaidi kuliko huzuni. Nitakwenda. Kama ndivyo anavyotaka, nitakwenda.

Sabato, 6 Desemba

Barabara ilikuwa imekatika kabla ya mjini, tukashuka tukavuka kwa miguu, viatu mkononi. Nilifika na tope mpaka magotini na chupa kifuani. Kijana wa Nakuru alikuwa ameshafika, shati jeupe, tai ya kipepeo, na kinywaji chake cha buluu. Buluu! Kisii kuna nini cha buluu?

Pale juu walikuwa Ronak, baba yake Shashikant, na mteja wao mmoja, mnunuzi wa ndizi kutoka Nairobi, mtu mnene mwenye uso wa kuchoka. Friji ilikuwa na barafu ya kweli. Matone yalitosha glasi chache, kwa hiyo hapakuwa na nafasi ya kukosea. Nikatikisa, povu likasimama, nikadondosha.

Mzee Shashikant hanywi. Alichukua glasi, akainusa tu, akakunja uso.

"Ronak, hii ni kariyatu!" akasema. "Ile dawa chungu, bibi yako alikuwa anatupatia. Tulikuwa tunakimbia, tunapanda juu ya paa."

Hata Wahindi! Hata kwao kichungu ni dawa! Ronak alikuwa ameshaanza kunitazama kama mtu atakayeaga vizuri, kwa adabu.

Mnunuzi wa ndizi hakuwa anasikiliza. Alikunywa ya buluu nusu, akaiweka. Akachukua yangu. Akaonja. Akanywa mpaka chini, akalamba povu kwenye mdomo, akanisukumia glasi juu ya kaunta.

"Weka nyingine, mama."

Ronak akatazama ile glasi tupu, akatazama ile ya buluu.

"Baba, mtu akiomba ya pili, hiyo si dawa," akasema. "Hiyo ni biashara. Dada, unaanza Jumatatu."

Nilipaswa kuruka. Nilisema asante, nikasafisha kopo langu, nikaanza safari ya kurudi. Njia nzima nilikuwa najiuliza nitamwambiaje Mama, na kama atataka kusikia.

Nilimkuta Emily kwenye lango. Alikuwa bado na nguo za kanisani, ananingoja mimi kwenye manyunyu. Jambo hilo peke yake lilinitisha.

"Wamemtoa," akasema. "Ushemasi wamemvua, amewekwa benchi la nyuma mpaka watakapoona toba."

"Hakuwaambia hakujua? Hakuwaambia ni yangu?"

Emily akatazama chini. "Wifi, walimuuliza. Mchungaji alimuuliza mara mbili, Mama Abner, nani aliitengeneza? Alisema ni yeye. Pombe alinunua mjini mwenyewe, miti alichimba mwenyewe. Mong'ina haijui hata harufu yake, amesema. Mchungaji akauliza, na ule ushuhuda wa dawa ya binti yako? Akasema siku ile alikusingizia." Akafuta uso kwa leso. "Ongeri alikuwa hapo. Mama angeweza kusema kuhusu kijiko cha pili. Hakusema."

Nilimkuta Mama jikoni, bado na nguo nyeupe, amekaa kwenye kigoda karibu na moto. Mama yangu ambaye hakuwahi kumdanganya hata mnunuzi wa kuku. Nilikuwa na hasira ambayo sijapata kuwa nayo. Nani alimwomba? Nani alimwambia ninataka kazi kwa bei hiyo? Nikamwambia hivyo hivyo, kwa sauti, na machozi yakinitoka. Nikamwambia nakwenda kwa Ongeri sasa hivi, kisha kwa mchungaji, nitawaeleza ukweli wote na Jumatatu nitakaa hapa.

Alisubiri nimalize. Alisogeza kuni ndani ya moto.

"Kazi wamekupa?"

"Wamenipa."

"Basi keti. Ukienda kuwaambia ni yako, nitakuwa nimedanganya bure, na siku ya Sabato."

Nimeketi. Tumekula ugali na mboga, na Jumatatu naanza kazi.